Njia ya Pumzi Isizibe: Mashine ya Kufyonza Makohozi na Wajibu wa Jamaa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia pumzi iingie na itoke usiku na mchana pasi na sisi kuifikiria. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika maswali tunayoletewa baada ya darsa za akina mama, mengi hayatoki vitabuni bali hutoka vyumbani, kwenye kitanda cha mgonjwa. Mzee amepatwa na kiharusi, ameruhusiwa kurudi nyumbani, naye hawezi kumeza hata mate yake. Mtoto ametobolewa koo hospitalini, na sasa anapumua kwa mpira ulio shingoni. Mama amejifungua juzi, na mwanawe amejaa kamasi puani hata kunyonya kunamshinda. Wote hao wametajiwa mashine ya kufyonza makohozi, na wote wana khofu zinazofanana: khofu ya kumwumiza mgonjwa, khofu ya gharama, na khofu ya kutenda jambo wasilolijua hukumu yake.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, upande wa tiba na upande wa dini. Tuliyoyaandika hapa hayachukui nafasi ya daktari wala muuguzi. Ni ya kumsaidia mwenye kuuguza ajue la kuuliza, ajue la kuogopa, na ajue lisilo la kuogopwa.

Kwa nini makohozi huziba

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na zaidi ya hayo upo ute unaotoka puani na kifuani. Hatuyaoni kwa sababu tunayameza bila kujua, na ute wa kifuani husukumwa juu na vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya njia ya pumzi, kisha tukaukohoa au tukaumeza. Neema hii huonekana inapokosekana. Aliyepooza koo, aliyepoteza fahamu, mwenye misuli dhaifu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na aliyetobolewa koo, hawa huenda wakashindwa kumeza au kukohoa vya kutosha. Mate na ute hujikusanya, pumzi hukoroma, na yale yanayoteremka mapafuni huleta nimonia.

Hapo ndipo mashine inapohitajika. Kazi yake si ya miujiza wala si ngumu kuifahamu. Pampu huondoa hewa ndani ya chupa, na chupa ikishapungukiwa na hewa huvuta kilicho upande wa pili wa mrija. Ndivyo tunywavyo dafu kwa mrija: kinywa hupunguza hewa, na maji yakapanda. Sehemu zake ni pampu, chupa ya kukusanyia uchafu, chujio linalozuia maji yasiingie kwenye pampu, kipimo cha nguvu ya kufyonza, mrija mrefu, na mwisho wake ama mpira mwembamba laini au ncha ngumu iliyopinda ya kufyonzea mdomoni. Ncha hiyo hadi leo huitwa kwa jina la Sidney Yankauer, tabibu wa koo wa New York aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20.

Si jambo geni kwa Waislamu

Wapo wanaodhani kwamba kuingiza mirija mwilini ni mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi. Historia yetu yasema vingine. Ammar bin Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri katika zama za al-Hakim, mwanzoni mwa karne ya 11 Miladi, alieleza sindano ya chuma iliyo wazi ndani, ambayo kwayo mtoto wa jicho hufyonzwa akatolewa. Abulqasim al-Zahrawi wa Kurtuba, ambaye kitabu chake cha upasuaji kilisomwa Ulaya kwa mamia ya miaka, alimtibu kijakazi aliyejikata koo. Jeraha lilipopona, alitambua kwamba kufungua njia ya pumzi shingoni hakumuui mtu kwa lazima. Baada yake Ibn Zuhr wa Ishbilia, aliyefariki mwaka 1162, aliijaribu kazi hiyo kwa mbuzi kabla ya kuisema kwa wanadamu.

Katika zama zetu, tukio linalostahiki kukumbukwa ni la Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Ugonjwa wa polio ulilipuka, na wagonjwa wengi walipooza misuli ya koo na ya kupumulia, wakawa wanazama katika mate yao wenyewe. Mwezi Agosti, daktari Bjørn Ibsen aliitwa katika hospitali ya Blegdam. Alielekeza msichana wa miaka 12 atobolewe koo, njia ya pumzi isafishwe kwa kufyonzwa, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa mkono kwa kubonyeza mfuko. Msichana aliishi. Mashine za kupumulia hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa, wakapokezana zamu usiku na mchana kuibonyeza ile mifuko. Vifo ambavyo awali vilikuwa karibu tisa katika kila wagonjwa kumi wa hali hiyo vilishuka chini ya nusu.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu ya zile zamu. Waliowaokoa wagonjwa wale ni vijana waliokubali kukaa kando ya kitanda saa baada ya saa, wakishika mfuko mikononi. Nyumba yenye mgonjwa wa aina hii inahitaji jambo hilo hilo.

Mtoto mchanga: mara nyingi asifyonzwe

Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kila mtoto anayezaliwa afyonzwe mdomo na pua papo hapo. Wapo jamaa ambao hata leo wasipoona likifanyika hudhani mkunga amezembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, lilisema wazi kwamba mtoto aliyeanza kupumua mwenyewe asifyonzwe kwa mazoea. Mpira ukiingizwa ndani kooni waweza kupunguza mapigo ya moyo wake na kumjeruhi. Mtoto wa namna hii hukaushwa, akawekwa kifuani pa mama yake apate joto, na hilo humtosha.

Asiyepumua ndiye mwenye haja. Hukaushwa kwa kusuguliwa, mdomo na pua husafishwa kama kuna kilichoziba, na asipoanza kupumua husukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa, yote hayo ndani ya dakika ya kwanza, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mafunzo haya yalianza kuenezwa mwaka 2010. Jirani zetu Tanzania waliyajaribu katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Kifaa cha kufyonzea kilichotumika katika mafunzo hayo si cha umeme. Ni kijipira chenye umbo la ndege aitwaye pengwini, hubonyezwa kwa mkono, hufunguliwa kikaoshwa ndani, na huchemshwa kikatumika tena. Zahanati ndogo kabisa ya kisiwani yaweza kuwa nacho.

Kwa ajili hiyo tunawanasihi akina baba. Kumwadhinia mtoto sikioni na kumfanyia tahniki kwa tende ni katika mila zetu njema, lakini wakati wake haupiti kwa kusubiri kidogo. Mkunga akiwa anahangaika na pumzi ya mtoto, msimkaribie, msimharakishe. Na mtoto ambaye bado anapumua kwa shida asitiwe kitu chochote kinywani hadi mkunga au daktari aruhusu. Pumzi itangulie, adhana itamkuta hai, inshallah.

Kamasi za nyumbani, na kimeo

Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, hivyo kamasi kidogo tu humzuia kunyonya. Tiba nyepesi ni matone ya maji safi ya chumvi yanayouzwa katika maduka ya dawa, kisha kufyonza taratibu kwa kijipira cha mkono kabla ya kumnyonyesha. Kijipira hubonyezwa kwanza kikiwa nje, ndipo ncha yake ikawekwa mlangoni mwa pua bila kusukumwa ndani, kisha kikaachiwa. Ikibidi kusafisha mdomo na pua kwa pamoja, mdomo utangulie, kwani mtoto akiguswa pua hushtuka akavuta pumzi, na vilivyomo mdomoni vikateremka. Usifanye hivyo kila saa, maana pua huvimba na kuziba zaidi. Na kila baada ya kutumia, kijipira kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe ncha ikiangalia chini, na kikiota weusi ndani kitupwe.

Bibi zetu walizoea kuzinyonya kamasi za mjukuu kwa kinywa. Ni huruma kubwa, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini kinywa cha mtu mzima hubeba vijidudu ambavyo mwili wa mtoto haujavizoea, na sasa kijipira kipo. Vile vile samli au mafuta yasitiwe puani mwa mtoto. Mafuta huteremka mapafuni na kuleta nimonia ya aina ngumu kutibika.

Lipo jambo zito kuliko hayo, nalo ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu au akitapika, baadhi ya jamaa humpeleka kwa fundi akakatwa kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimeo si chanzo cha kikohozi. Kila mtu ameumbwa nacho, na kina kazi yake katika kumeza na kusema. Watoto wamevuja damu kwa kukatwa, wengine wamepata maradhi ya kuambukiza kwa kisu kimoja kilichopita katika makoo mengi, na ile nimonia iliyokuwa ikiwakohoza imeendelea bila kutibiwa.

Basi mama ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika moja kamili. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au ana degedege, au amelegea, usikae ukifyonza kamasi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, uwe usiku au mchana.

Mgonjwa mkubwa nyumbani

Jamaa asikubali kurudi na mgonjwa nyumbani kabla ya kufundishwa na muuguzi, na kabla ya kuifanya kazi yenyewe kwa mkono wake mbele ya muuguzi huyo. Si jeuri kuomba uonyeshwe mara ya pili na ya tatu. Watu wawili wafundishwe, kwa uchache, ili mmoja akilala mwengine aweze.

Mambo ya msingi ni haya. Osha mikono kwa sabuni na uvae glavu. Mwambie mgonjwa unalotaka kufanya, hata kama huoni dalili kwamba anasikia. Mwinue kichwa na kifua, au akiwa hana fahamu mlaze ubavu. Ziba ncha ya mrija kwa kidole utazame kipimo: kwa kawaida mtu mzima hufyonzwa kwa nguvu kati ya milimita 100 na 150 za zebaki, mtoto kwa 80 hadi 100, na aliye mchanga isizidi 100, na utakayopewa na hospitali ndiyo ya kufuatwa. Ingiza mpira bila kufyonza, kisha ufyonze unapoutoa, ukiuzungusha taratibu. Kila mara isizidi sekunde kumi, kwani unapovuta makohozi unavuta na hewa yake. Baadhi ya wauguzi huwafundisha jamaa wazuie pumzi zao wenyewe wakati huo, ili wanapohisi dhiki wajue naye amedhikika. Kisha mpumzishe kabla ya kurudia.

Kufyonza si kwa saa maalumu kama dawa. Hufanywa inapoonekana haja: pumzi inakoroma, makohozi yanaonekana, au mgonjwa anahangaika. Mdomoni, usivuke pale unapoweza kupaona. Kwa aliyetobolewa koo, mpira usiingie zaidi ya urefu uliopimiwa hospitalini, na unene wake usizidi nusu ya upana wa ule ulio shingoni. Midomo ikigeuka rangi ikawa ya samawati au ya kijivu, acha mara moja. Damu nyingi, makohozi ya kijani yenye harufu, homa, au pumzi isiyotulia baada ya kufyonza, yote hayo ni ya daktari.

Chupa imwagwe kabla ya kujaa, ikifika theluthi mbili. Uchafu humwagwa chooni, na chupa ikaoshwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kama ulivyoelekezwa. Mrija husuuzwa kwa kufyonza maji safi. Chujio likilowa hubadilishwa. Mpira mmoja hautumiki kwa wagonjwa wawili kabisa, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

Kabla ya kununua

Zipo mashine za umeme, zipo zenye betri, na zipo za kukanyaga kwa mguu au kubonyeza kwa mkono. Umeme wetu hukatika, tena mara nyingi usiku. Kwa hivyo nyumba inayotegemea mashine ya umeme iwe na ya mkono au ya mguu pembeni, na wote wanaouguza waijaribu kabla ya haja kufika. Yenye betri ichajiwe kila siku. Hewa yetu ya bahari hula vyuma, basi mashine ifunikwe na iwashwe kila asubuhi ijulikane kama bado inavuta.

Jamaa zetu walio nje hututumia mashine kwa nia njema. Waelezwe kwamba umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 huungua ikichomekwa hapa bila kifaa cha kupunguza, na pesa zote zikapotea kwa sekunde moja. Ya nchi za Ghuba kwa kawaida hufaa, lakini maandishi yaliyo nyuma yake yasomwe kwanza. Na kabla ya kununua popote, uliza kama mirija, chujio na chupa za aina hiyo hupatikana hapa mjini.

Tuseme pia juu ya zile barakoa za kufyonzea zinazotangazwa kwa ajili ya aliyepaliwa na chakula. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahimiza watu watangulize njia zinazojulikana, wasipoteze muda kutafuta na kufungua kifaa. Aliyepaliwa asiyeweza kukohoa hupigwa mara tano mgongoni kati ya mabega, kisha hubanwa tumbo kwa nguvu mara tano juu ya kitovu, ikarudiwa. Mtoto wa chini ya mwaka habanwi tumbo. Huinamishwa akapigwa mgongoni mara tano, kisha akageuzwa akabonyezwa kifuani mara tano.

Hukumu zinazoulizwa

Kwanza, mwenye kuuguza yumo ndani ya swala, akasikia mgonjwa amezibwa pumzi. Aikate swala. Hili si ruhusa tu bali ni wajibu ikiwa hakuna mwengine. Wanavyuoni, miongoni mwao Imamu Izzuddin bin Abdissalam katika madhehebu yetu ya Shafi, wameeleza kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa kabla ya swala, kwa kuwa swala yaweza kulipwa na roho iliyotoka hairudi. Na anayezama kwa makohozi yake hana tofauti na anayezama baharini. Akishamhudumia, aianze swala yake upya, wala asione kwamba amefanya dhambi.

Pili, twahara. Mate, kamasi na kohozi litokalo kichwani au kifuani ni twahara katika madhehebu yetu. Yaliyotoka tumboni ni najisi, na damu ni najisi, basi nguo iliyopatwa nayo ioshwe. Wala kufyonzwa hakumtengui mgonjwa udhu wake. Ama mke anayemfyonza mumewe, akimgusa ngozi kwa ngozi udhu wake unatenguka kwa kauli ya Shafi, lakini glavu ni kizuizi. Hivyo glavu humlinda na maradhi na humhifadhia udhu. Aliyetobolewa koo achukue tahadhari katika josho, maji yasiingie tunduni. Shingo si katika viungo vya faradhi vya udhu, na katika josho asehemu asiyoweza kuiosha ina hukumu ya kutayamamu.

Tatu, saumu. Kinachoingizwa ndani ya mwili kwa kusudi huifunguza saumu katika madhehebu yetu, na mpira unaovuka koo ni katika hayo. Lakini mwenye kuhitaji mashine hii ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe. Asiyetarajiwa kupona hutolewa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Asiachwe akazibwa kwa ajili ya kuchunga saumu ambayo Mola wake amemwondolea.

Nne, mwanamume mwenye kumwuguza mzazi asiye na mwengine wa kumtazama ana udhuru wa kuacha jamaa msikitini, hata swala ya Ijumaa, akaswali adhuhuri nyumbani. Tunalitaja hili makusudi. Kazi ya kufyonza, kuosha chupa na kukesha mara nyingi huachiwa binti au mke wa mwana, na wanaume wakaja jioni kumjulia hali mgonjwa wakakaa sebuleni. Amri ya kuwatendea wema wazazi haikuwahusu mabinti peke yao. Qur'ani imekataza mtoto kuwatolea wazazi hata sauti ndogo ya kuchoshwa nao, na hakuna mahali ambapo sauti hiyo huponyoka kwa urahisi kama mbele ya kohozi la mzazi. Sisi nasi tulikuwa watoto, na kamasi zetu zilifutwa bila mtu kukunja uso. Wana wapange zamu, kama walivyopanga wale wanafunzi wa Copenhagen, na zamu ya usiku iwe ya wanaume.

Inapokaribia safari

Lipo swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mgonjwa yumo katika siku zake za mwisho, amekwisha poteza fahamu, na koo linakoroma. Jamaa wanafyonza kila mara, na mkoromo haukomi.

Wataalamu wa kuwahudumia walio karibu na kufa hueleza kwamba mkoromo huo hutokana na ute kidogo ulioko ndani kabisa, ambao mpira haufiki, na kwamba huwahangaisha wasikiao kuliko mgonjwa mwenyewe. Kufyonza kwa kina wakati huo humwumiza bure. Linalofaa ni kumgeuza ubavu, kumfuta mdomo, kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji, na kumuuliza daktari kama ipo dawa ya kupunguza ute. Basi kuacha kufyonza hapo si kumtelekeza, wala aliyeacha hakumuua mtu. Mikono ikishaacha mpira, ndimi zibaki na kazi: kumtamkia shahada kwa upole bila kumkalifisha, na kumwombea.

Mashine iliyo chini ya kitanda

Mwisho tunaleta pendekezo. Mgonjwa akishapona au akishafariki, mashine hubaki chini ya kitanda, ikala vumbi na kutu, na nyumba ya tatu kutoka hapo wapo wanaokopa pesa kununua nyingine. Kila msikiti waweza kuwa na mashine mbili au tatu za wakfu, moja ikiwa ya mguu, zikawekwa kwa mtu mwaminifu pamoja na daftari. Anayehitaji kwa barua ya hospitali aazimwe, na atumie mirija yake mipya.

Masharti yake tumeyakuta tayari katika fiqhi. Kitu cha kuazima hurejeshwa, na kikiharibika kwa matumizi yasiyokuwa ya kawaida aliyeazima hukilipa. Si mali ya marehemu, basi haiingii katika mirathi, na warithi wasiigawe. Irejeshwe ikiwa imeoshwa, imejaribiwa, na ina chujio jipya. Anayetaka kumwachia mzazi wake sadaka inayoendelea, mbali na misahafu na visima ambavyo daima vina fadhila yake, naye alitazame jambo hili. Tumefundishwa katika Suratul Maida kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote, na mashine moja yenye kutunzwa vyema yaweza kupita katika nyumba nyingi.

Kamati za misikiti zianze kwa kuuliza waumini, Ijumaa hii, ni nani aliye na mashine asiyoihitaji tena. Tunadhani hazitakosekana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.